Tusiuziwe alumini kwa jina la shaba

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Nami leo nathubutu kuongeza kwamba si kila chekundu ni shaba. Nimelijua hilo baada ya kugharimika. Na kwa kuwa mwalimu hana haki ya kuuficha ujinga wake ikiwa kuufichua kutawafaa wengine, nimeona ni wajibu wangu kulieleza jambo hili hadharani, hata kama baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani watanicheka.

Mimi ni mkazi wa Ainabkoi, katika Kaunti ya Uasin Gishu, eneo ambalo wengi hulifahamu kwa viazi, mahindi, maziwa na baridi kali ya alfajiri. Reli iliyopanda milima kutoka Nakuru, ikavuka Timboroa kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari na kufika Eldoret mwaka wa 1924, ilipita papa hapa kwetu. Kwa hivyo suala la kuunganishwa na ulimwengu si geni kwetu. Babu zetu walishuhudia vyuma vya reli vikitandazwa, nasi tumeshuhudia kebo za mtandao. Tofauti ni kwamba chuma cha reli kila mtu alikiona na kukigusa, ilhali kilichomo ndani ya kebo kimefunikwa kwa ganda, na chini ya ganda hilo mna mengi.

Mwaka wa 2009, kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, tuliambiwa kwamba enzi mpya imewadia. Waama, enzi hiyo ilikuja. Habari zikaanza kusafiri kwa nuru ndani ya nyuzi za kioo, zikivuka bahari na kupanda bara. Lakini safari hiyo ndefu haiishii mlangoni. Kutoka kwenye ruta hadi kwenye tarakilishi ya mtoto pana mita chache zilizosalia, na mita hizo si za kampuni wala si za serikali. Ni zako na zangu. Hapo ndipo aghalabu tunapoanguka. Sisi wafugaji twajua kwamba maziwa safi yakitiwa katika kibuyu kisichosafishwa vyema yataharibika, na lawama haiwezi kuwa ya ng'ombe.

Nitaanza kwa kisa changu. Katika boma langu kuna nyumba kuu na, yapata mita 70 kutoka hapo, kuna chumba ambacho zamani kilikuwa ghala la mahindi. Chumba hicho nilikigeuza kuwa mahali pa masomo. Watoto wa majirani huja jioni kusoma, na walimu wenzangu hufika mara kwa mara kutayarisha kazi zao. Nilipoingiziwa intaneti katika nyumba kuu, kwa kifurushi cha megabiti 40 kwa sekunde, niliazimia kuivuta kwa waya hadi katika chumba kile.

Nikateremka mjini Eldoret. Katika duka ambalo sitalitaja, muuzaji aliniwekea mezani mafungu mawili ya kebo. Moja lilikuwa la Kategoria ya 6, la pili liliandikwa Kategoria ya 8. "Mwalimu, chukua hii ya nane," aliniambia kwa upole. "Hakuna inayoishinda." La kustaajabisha ni kwamba hiyo ya nane ilikuwa ya bei nafuu kuliko ya sita. Badala ya kushtuka, nilifurahi. Nililipa, nikabeba fungu langu begani, na hata uzito wake mdogo niliuona kuwa neema. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia, husema watu. Mimi niliuziwa, na gunia nikalibeba mwenyewe.

Mwanzoni mambo yalikwenda shingo upande. Katika nyumba kuu megabiti zote 40 zilipatikana, lakini katika chumba cha masomo hazikufika hata kumi. Mvua za masika zilipoanza, mtandao ukawa unakatika kabisa. Nikailaumu kampuni iliyoniuzia intaneti. Nikapiga simu kwa hasira. Nikabadilisha ruta. Hatimaye nikapandisha kifurushi, nikawa nalipa zaidi kila mwezi, na chumba cha masomo kikabaki vilevile.

Siku moja mwalimu jirani alifika jioni ili apakie alama za tathmini za wanafunzi wake katika tovuti ya Baraza la Mitihani la Kitaifa. Muda wa kufanya hivyo ulikuwa ukiyoyoma. Mara tatu alijaza alama zote, na mara tatu mtandao ukakatika kabla ya kuhifadhiwa. Mwishowe alifunga kipakatalishi chake, akakitia ndani ya mfuko wa plastiki, akapanda bodaboda kwenye mvua kuelekea mjini kutafuta mtandao. Nilisimama mlangoni nikiitazama taa ya pikipiki ikipotelea gizani. Niliona haya.

Juma lililofuata nilimwita kijana niliyemfundisha fizikia miaka mingi iliyopita, ambaye sasa ni fundi wa mitandao. Kwanza aliunganisha kipakatalishi moja kwa moja kwenye ruta kwa kebo fupi. Kasi ikawa kamili. Kisha akaenda kwenye ncha ya kebo yangu, akaimenya, akachukua waya mmoja na kuukwaruza taratibu kwa kisu. Wekundu ukatoka, chini yake pakatokea weupe wa fedha.

"Mwalimu," akasema akiwa ameinamisha kichwa kwa heshima, "hii si shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba. Wewe ndiwe uliyetufundisha ukinzani wa vipitishi."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwa zaidi ya miaka ishirini kwamba kila metali ina ukinzani wake, lakini siku ya kununua waya wangu mwenyewe nilisoma nambari iliyochapishwa kwenye ganda na kusahau kuuliza ni metali gani iliyomo ndani.

Basi hoja yangu leo ni hii: anayetaka intaneti ya kasi nyumbani kwa njia ya waya, asinunue nambari, anunue shaba. Kebo ya kategoria ya wastani iliyotengenezwa kwa shaba tupu na kufungwa kwa ustadi itamfaa zaidi kuliko kebo yenye nambari kubwa ambayo moyo wake ni wa uongo. Na elimu hii, ndugu msomaji, haifai kuachiwa mafundi pekee. Mahali pake ni darasani.

Hebu tuitazame kebo yenyewe. Ndani yake mna nyaya nane nyembamba zilizosokotwa mbili mbili, zikafanya jozi nne. Msokoto huo si urembo. Alexander Graham Bell, yuleyule wa simu, aliupatia hataza mwaka wa 1881. Siri yake ni kwamba vurugu za umeme zinazotoka nje huzigusa nyaya mbili za jozi kwa kiasi kinachokaribiana, na chombo kilicho mwishoni, ambacho husoma tofauti iliyopo kati ya nyaya hizo mbili, huweza kuziondoa vurugu hizo. Kadiri msokoto unavyokuwa makini ndivyo kebo inavyoweza kubeba habari nyingi zaidi bila kuchanganyikiwa. Hiyo ndiyo asili ya kategoria.

Kategoria ya 5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde, yaani megabiti 1,000, kwa umbali wa hadi mita 100. Kategoria ya 6 hubeba kasi hiyohiyo kwa umbali huohuo ikiwa na akiba zaidi, na kwa umbali mfupi, usiozidi mita 55 hivi, huweza kubeba gigabiti 10. Kategoria ya 6A hubeba gigabiti 10 kwa mita 100 kamili. Kategoria ya 7 imo katika viwango vya kimataifa vya ISO lakini haimo katika vile vya TIA vya Marekani. Kategoria ya 8 halisi hubeba gigabiti 25 au 40, lakini kwa mita 30 tu, nayo ilibuniwa kwa ajili ya vyumba vya mitambo mikubwa ya kuhifadhi data, wala si kwa ghala la mahindi la Ainabkoi. Laiti ningalijua hayo, ningalimuuliza yule muuzaji ni vipi kebo iliyokusudiwa mita 30 inaweza kunifaa kwa mita 70.

Sasa tupige hesabu ndogo. Kifurushi changu kilikuwa cha megabiti 40. Kategoria ya 5e, ambayo wauzaji huidharau kana kwamba imepitwa na wakati, ina uwezo wa kubeba mara 25 ya mzigo huo. Maana yake ni kwamba katika nyumba zetu nyingi, nambari haikuwa tatizo tangu mwanzo. Mtu anayetoa fedha za ziada ili apate Kategoria ya 8 kwa kifurushi cha megabiti 40 ni kama mkulima anayekodi lori la tani kumi kupeleka debe moja la viazi sokoni. Na akipewa lori bovu, debe hilo moja pia halitafika.

Tuje kwenye metali. Ukinzani wa alumini ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba. Chukua waya wa shaba wenye kipenyo cha nusu milimita na urefu wa mita 100: ukinzani wake ni takriban omu 8.6. Waya kama huo wa alumini una takriban omu 13.5. Isitoshe, alumini huvunjika upesi inapokunjwa mara kwa mara, na pale inapofungwa kwenye kichwa cha plastiki hulegea na kushika kutu nyeupe inayozuia umeme. Viwango vya kimataifa vya kebo hizi vinataka shaba, hivyo kebo ya alumini iliyopakwa shaba haistahili kuitwa ya kategoria yoyote, iwe ya 5e, ya 6 au ya 8. Yeyote anayeichapa nambari hiyo kwenye ganda anaandika asichokuwa nacho.

Hatari huongezeka pale kebo inapobeba umeme pamoja na habari. Katika mashamba yetu, ambako nyuzi za kioo hazijafika kila boma, wengi hupata intaneti kwa antena iliyofungwa juu ya paa, na antena hiyo aghalabu hulishwa umeme kupitia kebo ileile. Kamera za ulinzi nazo huwa hivyo. Waya wenye ukinzani mkubwa huupoteza umeme huo njiani na kuugeuza kuwa joto. Antena ikawa inazimika na kuwaka, mwenyewe akadhani mnara wa kampuni ndio ulioharibika.

Sisemi kwamba kebo ya alumini haifanyi kazi kabisa. Kwa mita mbili au tatu kati ya ruta na meza, yaweza kufanya kazi miaka kadhaa bila mtu kugundua. Ndiyo sababu udanganyifu huu hudumu. Lakini inyooshe mita 50 au 70, ipitishe penye jua na mvua, ndipo utakapoijua.

Labda msomaji atauliza kwa nini mtu aitengeneze kebo ya namna hiyo. Jibu ni kwamba shaba ni ghali, nasi Wakenya tunaijua thamani yake kwa uchungu. Simu za waya zilinyamaza katika mitaa mingi kwa sababu wezi walizikata nyaya kwa ajili ya shaba. Mnamo Januari 2022, baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa, serikali ilifikia hatua ya kupiga marufuku kwa muda biashara ya vyuma kuukuu. Bidhaa inayowafanya watu wathubutu kukata nyaya za taifa haiwezi kuuzwa dukani kwa bei ya kutupa. Mtu akikuuzia shaba kwa bei ya alumini, fahamu kwamba mmoja kati yenu amekosea hesabu, na aghalabu si mwenye duka.

Kuitambua si kazi ngumu. Shaba ina uzito wa zaidi ya mara tatu ya alumini ya ujazo uleule, kwa hivyo sanduku la mita 305, ambalo ndilo fungu la kawaida la kiwandani, likiwa jepesi kupita kiasi, litilie shaka. Soma maandishi yaliyo kwenye ganda na kwenye sanduku: herufi CCA maana yake ni alumini iliyopakwa shaba. Na hata kama herufi hizo hazipo, mwombe muuzaji akukatie kipande kifupi, ukwaruze waya kwa kisu. Shaba tupu itakuwa nyekundu hadi ndani. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Akikataa, amekwisha kukupa jibu.

Baada ya metali, kuna ufungaji. Hapa pia pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mtandao wa megabiti 100 hutumia nyaya nne tu kati ya zile nane, lakini mtandao wa gigabiti moja huzihitaji zote nane. Kwa hivyo mmoja wa zile nyaya nne za ziada ukivunjika au ukikosa kugusa vyema kichwani, aghalabu mtandao hautakufa. Utateremka kimyakimya hadi megabiti 100, na kila mtu ataona taa ya ruta ikimetameta kana kwamba mambo ni shwari. Mwenye kifurushi cha megabiti 300 au 500 huweza kulipa miaka nenda miaka rudi huku akipata megabiti 100. Fungua mipangilio ya mtandao katika tarakilishi yako na utazame kasi ya muungano iliyoandikwa hapo. Ikiwa ni 1,000, umesalimika. Ikiwa ni 100 ilhali ruta na tarakilishi zote zina uwezo wa 1,000, ianze kuchunguzwa kebo. Ikiwa ni 10, kama yangu ilivyokuwa, usimpigie mtu simu. Itazame kebo yako kwanza.

Fundi akifunga kichwa cha kebo, mpangilio wa rangi uwe mmoja katika ncha zote mbili. Unaotumika sana ni huu: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Tena asiusokotoe msokoto kupita kiasi. Milimita 13 tu kutoka kichwani zatosha. Wapo mafundi wanaozinyoosha nyaya kwa urefu wa kidole kizima ili wafanye kazi haraka, na kwa kufanya hivyo huiondolea kebo kinga yake pale hasa inapoihitaji. Kebo isikunjwe kama karatasi, isigongelewe misumari, wala isifungwe bega kwa bega na waya wa stima.

Inayopita nje nayo ina masharti yake. Ganda la kawaida la ndani ya nyumba huchanika kwa jua, maji yakapenya. Ya nje huwa na ganda gumu, aghalabu jeusi, lililotengenezwa kuhimili jua na unyevu. Ikizikwa, ipitishwe ndani ya bomba ili jembe na fuko wasiikate. Wakulima wa viazi hawahitaji kuelezwa kazi ya fuko. Fauka ya hayo, nyanda hizi za juu za magharibi mwa Kenya zina radi nyingi, na waya wa metali unaounganisha majengo mawili huweza kuileta nguvu ya radi hadi mezani pa mtoto. Njia salama zaidi kati ya majengo mawili ni uzi wa kioo, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Asiyeweza kuumudu na aweke vizuia-radi katika ncha zote mbili, akiviunganisha na ardhi ipasavyo, na avichomoe vyombo wingu linapotanda.

Najua kuna watakaosema kwamba mazungumzo haya ya waya yamepitwa na wakati, maadamu siku hizi mawimbi ya hewani yanatosha. Kwa simu mkononi, yanatosha. Lakini mawimbi hudhoofika yanapopita kuta za mawe na mabati, na watu wote walio katika nyumba huyagawana. Mwanafunzi anayefuatilia mhadhara wa chuo kikuu kutoka kijijini, au mwalimu anayepakia alama usiku wa mwisho, hahitaji kasi pekee. Anahitaji mtandao usiokatika. Huo hupatikana kwa waya, mradi waya wenyewe uwe wa haki.

Wengine watasema, na hoja yao ni nzito, kwamba mwalimu wa kijijini hana fedha za kununulia vitu bora. Nami najibu kwamba ni huyo asiye na fedha ambaye hawezi kumudu udanganyifu. Mimi nilinunua kebo ya kwanza, nikanunua ruta nisiyoihitaji, nikalipa kifurushi kikubwa kwa miezi mitatu, kisha nikanunua kebo ya pili. Rahisi ilinitoka ghali. Laiti ningalinunua Kategoria ya 5e ya shaba tupu tangu mwanzo, ningalitumia fedha chache kuliko hizo na mwenzangu hangalinyeshewa. Kinachopendekezwa hapa si anasa. Ni kuacha kulipia nambari tusiyoihitaji ili tulipie metali tunayoihitaji.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Itakumbukwa kwamba mwaka wa 2016 serikali ilianza kusambaza vifaa vya kidijitali katika shule za msingi, na Chuo Kikuu cha Moi, hapa jirani yetu, kilikuwa miongoni mwa vyuo viwili vilivyoshirikishwa katika kuviandaa, kile kingine kikiwa JKUAT. Tulishangilia vifaa, lakini ni wachache kati yetu waliouliza habari za nyaya zitakazoviunganisha. Vifaa huja kwa sherehe na picha. Waya hupitishwa darini na mtu ambaye hakuna anayemsimamia, kisha shule hulipa.

Bodi za shule zinapotangaza zabuni ya kuunganisha chumba cha tarakilishi, ziandike kwa maneno yasiyo na utata kwamba kebo iwe ya shaba tupu, zitaje kategoria inayohitajika, na zidai kwamba kila ncha ipimwe mbele ya mwalimu kabla ya malipo. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lipo kwa mujibu wa sheria ili kumlinda mnunuzi. Wakaguzi wake na wafike madukani na kisu mfukoni, na kebo inayojiita ya kategoria fulani ilhali ni alumini iondolewe rafuni kama maziwa yaliyotiwa maji.

Lakini tusiingoje serikali. Katika sekondari msingi, somo la ufundi wa awali linagusa tarakilishi, na somo la sayansi linagusa umeme. Mwalimu anaweza kuleta darasani vipande viwili vya waya vyenye unene mmoja, kila kimoja cha mita 20, kimoja cha shaba na kimoja cha alumini iliyopakwa. Wanafunzi wavipime uzito. Wavikwaruze. Wapime ukinzani kwa kipima-umeme cha kawaida: kwa nusu milimita ya kipenyo, shaba itaonyesha takriban omu 1.7, na hiyo nyingine takriban 2.7. Wakokotoe wenyewe kwa kanuni iliyo vitabuni, kisha walinganishe jibu na kile wanachokiona. Wakitoka hapo, hawatakuwa wamefaulu mtihani tu. Watakuwa wamepata kinga dhidi ya muuzaji wa pale mjini. Elimu isiyomlinda mwenyewe dukani ina kasoro, nami ni ushahidi wa kasoro hiyo.

Nanyi wanafunzi, msione haya kuwauliza wazazi na walimu wenu maswali haya matatu kabla kebo haijanunuliwa: ni ya metali gani, ni ya umbali gani, na itapita wapi? Wanariadha wanaofanya mazoezi katika kambi za Kaptagat, katika eneo letu hili, hawachagui kiatu kwa kutazama rangi yake. Hukigeuza, wakatazama soli.

Kwangu, mambo yametengenea. Kijana wangu alizika kebo mpya ndani ya bomba, Kategoria ya 6 ya shaba tupu yenye ganda la nje, akaiwekea vizuia-radi. Uzi wa kioo tumeuahirisha hadi mavuno yaruhusu. Nimerudi kwenye kifurushi changu cha zamani, na megabiti zote 40 zinafika katika lile ghala la mahindi. Mwalimu jirani hupakia alama zake akiwa ameketi, chai mkononi. Kile kipande cha kebo ya kwanza kilichokwaruzwa nimekitundika ukutani, juu ya meza ya watoto. Kila mgeni mdogo huniuliza ni cha nini. Nami humpa kisu na kumwambia akwaruze ajionee.